Kengeleni Kuna Mtu?

Kama umewahi kwenda tripu ya Mombasa, iwe ya shule, ya kanisa ama ile ya chama mliyoanza kuchangia Januari, ratiba yenu naijua bila kuambiwa. Asubuhi Fort Jesus, kila mtu na picha yake kando ya mzinga. Kisha Mapembe pale Moi Avenue. Kisha Haller Park mkalishe twiga. Saa nane mko Pirates, mmoja amepoteza sandali, mwingine ameshapandishwa ngamia kwa bei ambayo hakuielewa, na saa kumi na mbili dere anapiga honi kama ana kesi na nyinyi. Ukirudi mtaani unaambia watu umeona historia.

Sina ubaya na hiyo ratiba. Haller Park hasa naiheshimu. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, na mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje, halafu akaleta majongoo wayale yale majani makavu hadi yageuke udongo. Msitu mzima umesimama juu ya kazi ya majongoo. Lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Ishu yangu ni hii. Kwa tripu nzima, historia tunayopewa ni Fort Jesus, na Fort Jesus ni stori ya nyumba moja iliyobadilisha malando. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno wenyewe walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza Dom Jerónimo, akawageuka na kuiteka. Mwaka uliofuata Wareno wakarudi. Waomani wakaizingira Machi 1696, wakakaa nje karibu miaka mitatu, wakaingia Desemba 1698. Baadaye Wamazrui wakaishikilia, hadi Wabusaidi wa Zanzibar wakawatoa mwaka 1837. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ni mambo mazito, sikatai. Lakini hebu pitia majina hayo tena. Kila anayetajwa hapo ana bunduki ama ana cheo. Nani alikuwa analima chakula cha hao watu wote? Nani alibeba pembe za ndovu hadi bandarini? Ukimuuliza gaidi wenu swali hilo saa tano asubuhi, na makundi matatu yanangoja nyuma yenu, atakuambia "watumwa," halafu mtasonga mbele kuangalia vyungu.

Tripu ikiwa na pesa ya ziada inafika Jumba la Mtwana, kule karibu na Mtwapa. Na hapo kila mtu anaingia akiwa ameshaandika kichwa cha video yake, kwa sababu mtwana ni mtumwa wa kiume, sasa lazima hapa ndipo walipouzwa, sivyo? Zii. Kilichopo pale ni magofu ya mji wa wenye mali wa karne ya 14: nyumba za mawe ya matumbawe zenye vyoo ndani, visima, misikiti minne, mmoja uko karibu kabisa na maji. Wenyeji walishahama mwanzoni mwa karne ya 15, kabla hata Vasco da Gama hajaiona Mombasa mwaka 1498. Hilo jina la Jumba la Mtwana halimo kwenye maandishi yoyote ya kale, na waliochimba pale hawakukuta soko la watu. Utumwa mkubwa wa mashamba, ule uliotuachia alama hadi leo, ulikuja zaidi ya miaka 400 baadaye. Nenda Jumba, ni pazuri mno, mibuyu na upepo wa bahari, lakini nenda ukijua unaangalia nyumba za matajiri.

Sasa hapa ndipo inaniuma. Ukitoka mjini kwenda huko Jumba, unavuka daraja la Nyali, na dakika chache baadaye makanga anapiga mlango anaita: "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Wanashuka watu wa sokoni Kongowea, watu wa ofisi, wanafunzi. Gari linasonga. Siku moja nilimuuliza makanga kengele yenyewe iko wapi. Akaniangalia kama nimeuliza Kisumu iko wapi. "Hiyo ni jina tu, bro." Mama mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma na kikapu chake cha samaki akasema, "Si jina tu, mwanangu. Ile pale. Kengele ya watumwa."

Na kweli ile pale. Kimnara kidogo kando ya barabara, kengele imening'inia, na mbele yake tuktuk, bodaboda, watu wanauza kadi za simu na viatu. Maelfu wanaipita kila siku. Hakuna basi la tripu linalosimama.

Ili uielewe hiyo kengele lazima tuvute stori kutoka mbali kidogo, nivumilie.

Karne ya 19 pwani yote hii ilikuwa nchi ya mashamba. Unguja na Pemba ilikuwa karafuu. Malindi, iliyofufuliwa miaka ya 1860 kama mji wa kilimo, ilitoa mtama na ufuta. Kuzunguka Mombasa na Takaungu ilikuwa nazi na nafaka. Waliolima walikuwa watumwa, na wengi hawakutoka karibu. Walitoka upande wa Ziwa Nyasa, sehemu ambazo leo ni Malawi, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji: Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua. Wengi walikamatwa wakiwa watoto. Walitembezwa hadi pwani, Kilwa hasa, wakapakiwa majahazini kama mizigo.

Na kabla mtu hajaniambia "Waarabu hao," tuliza boli. Wenye mashamba walikuwa Waarabu, ndiyo, na Waswahili pia, na hata Wamijikenda wengine walikuwa na watumwa. Pesa za kuendesha biashara nyingi zilikopwa kwa matajiri wa Kihindi. Karafuu na pembe zilinunuliwa na Wazungu na Wamarekani ambao hawakuuliza maswali. Kwa hii meza wengi walikula.

Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari za Uingereza, alisaini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Mtu aliyetumwa kutoka London kuanzisha mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Aliyemalizia ni John Kirk, mwakilishi wa Uingereza pale Zanzibar. Lakini soma mkataba polepole. Ulifunga masoko. Haukufuta utumwa. Kama ulikuwa mtumwa kwenye shamba la nazi Mombasa siku ile, kesho yake uliamka bado mtumwa, na jembe ni lile lile.

Kilichobadilika ni baharini. Manowari zikaanza kukamata majahazi, na ghafla Waingereza wakawa na watu wengi mikononi ambao hawawezi kurudishwa kwao, kwa sababu kwao ni mbali na wangeweza kukamatwa tena njiani. Hapo awali walikuwa wakiwapeleka Aden, Shelisheli na Bombay. Sasa shirika la wamishonari la CMS likamtuma William Salter Price mwaka 1874, akanunua ardhi bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kuanzia 1875 manowari zikawa zinashusha watu hapo. Wakapaita Frere Town. Kengele ilikuwa ya kuwaonya wakazi wakishambuliwa na wafanyabiashara wa watumwa waliotaka kuwarudisha kule kule. Pia iliwaita kanisani na kazini.

Hilo la kazini usiliruke. Mabango na vipindi vya TV hupenda kusema Frere Town ni mahali ambapo watumwa "walipewa uhuru" na stori inaishia hapo, watu wanapiga makofi. Sasa jiweke kwa viatu vyao: umeshushwa kwenye ufuo usioujua, lugha huielewi, umepewa jina jipya, dini mpya, kipande cha kulima, na kengele ya kukuambia uamke saa ngapi na ulale saa ngapi. Msimamizi mmoja, J. R. Streeter, alikuwa akiwachapa watu viboko na kuwafungia, hadi malalamiko yakawafikia wakuu wa Uingereza, uchunguzi ukafanywa mwaka 1881, naye akaondoka. Hao ni watu waliokuwa "huru" tayari. Sisemi Frere Town ilikuwa jela. Nasema tu tukiambiwa fulani alipewa uhuru, tuulize alipewa kiasi gani.

Lakini kuna watu wa Frere Town ambao nikiwasoma najiuliza kwa nini hawako kwenye filamu. Wanaitwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa watoto waliokamatwa huku, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India, wakasomeshwa kwenye shule ya misheni karibu na mji wa Nashik. Walijifunza uhunzi, useremala, Kiingereza. Halafu wakarudishwa Afrika Mashariki wakiwa watu wazima. Fikiria hiyo safari: Mnyasa kwa kuzaliwa, Mhindi kwa malezi, jina la Kiingereza, na kazi Mombasa.

Mmoja ni Matthew Wellington, Myao. Mwingine ni Jacob Wainwright. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, mwili wake ulibebwa kwa miguu na watumishi wake, miezi kadhaa, hadi Bagamoyo. Chuma na Susi angalau hutajwa vitabuni. Wainwright ndiye aliyesoma ibada pale moyo wa Livingstone ulipozikwa, akafuatana na mwili hadi Uingereza, na Aprili 1874 alikuwa kati ya waliolibeba jeneza Westminster Abbey. Wellington naye alikuwa kwenye huo msafara. Aliishi kwetu hapa Mombasa miaka mingi na alifariki 1935. Ni juzi tu! Kuna wazee ambao baba zao wangeweza kumsalimia barabarani.

Mwingine ndiye ninayemtaka hasa, na ndiye anayetutoa Kengeleni kutupeleka Rabai.

Rabai iko kama kilomita 25 kutoka mjini, juu ya vilima, unaona bahari kwa mbali ikiwa nyeupe. Ukienda tripu huko, utaambiwa habari za Johann Ludwig Krapf. Na ni haki yake. Alifika Mombasa Januari 1844, Julai mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafariki, kaburi liko upande wa Nyali. Akahamia Rabai mwaka 1846 na mwenzake Johannes Rebmann. Rebmann akaona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, Krapf akaona mlima Kenya mwaka 1849, na Ulaya wakawacheka eti theluji ikweta haiwezekani. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshakufa. Jumba la makumbusho la Rabai lina jina lake. Ila kama mhubiri, kusema ukweli, miaka yote ile alipata waumini wachache mno. Warabai walikuwa na kaya zao na hawakuwa na haraka.

Waliojaza Rabai walikuja baadaye sana, na hawakuletwa na Krapf wala na manowari. Walikuja wenyewe, usiku, kwa miguu.

Watoro. Hilo ndilo neno. Mtumwa aliyetoroka shamba. Walitoka mashamba ya pwani, wakapanda vilima. Wengine walijenga vijiji vyao ndani ndani msituni, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Wengine wakaenda misheni, kwa sababu walisikia kule kuna watu weusi wenzao waliowahi kuwa watumwa na sasa wana nyumba. Kisheria misheni haikutakiwa kuwapokea. Utumwa ulikuwa bado halali, mtoro alikuwa mali ya mtu, na viongozi wa misheni hawakutaka vita na wenye mashamba. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kabisa kuvamia Frere Town kwa ajili ya jambo hilo.

Na aliyekuwa akisimamia Rabai miaka hiyo ni William Jones, mmoja wa wale wa Nashik. Mtu aliyekuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya shemasi, yeye na mwenzake Ishmael Semler, kisha akamchukua kwenye msafara wa kwenda Uganda. Hannington akauawa Busoga mwezi wa kumi. Jones ndiye aliyekusanya wapagazi waliobaki akawarudisha hadi Rabai, mwanzoni mwa 1886, wakiwa wamebeba bendera ya buluu yenye neno moja, ICHABOD, maana yake utukufu umeondoka. Huyo ndiye watoro walimkuta walipobisha hodi. Sasa angewaambiaje warudi?

Kufikia 1888 mambo yakachacha. Kampuni ya Uingereza, ile ya IBEA, ndiyo imefika kuanza kutawala, na wenye mashamba wakamwendea mkuu wake, George Mackenzie, wakamwambia wazi: watu wetu wako misheni, tupeeni ama tutawafuata. Wakahesabiwa. Rabai na vituo vingine vya misheni vilikuwa na watoro wapatao 1,400. Mackenzie hakutaka kampuni yake ianze kwa vita, basi akatafuta pesa na kulipa kila mmoja bei. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro wakapewa vyeti vya uhuru.

Soma hiyo sentensi ya pesa tena. Waliolipwa ni mabwana. Aliyelimishwa miaka kumi bila malipo, akachapwa, akatoroka usiku na mtoto mgongoni, alipata karatasi. Aliyemlimisha alipata fidia. Na mwaka 1907, serikali ya kikoloni ilipofuta hatimaye hadhi ya utumwa kisheria kwenye ukanda wa pwani, fidia ilienda kwa nani? Kwa mabwana tena. Mtu akiniambia mambo ya ardhi ya pwani na maskwota ni magumu kueleweka, mimi humwambia aanzie hapo: watu waliachwa huru bila shamba, bila senti, kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema tripu zetu zinatunyima kitu. Ukiishia Fort Jesus unarudi nyumbani ukiamini kwamba pwani hii historia ilifanywa na wenye mizinga, na mtu mweusi maskini alikuwepo tu, anafungwa pingu, anangoja Mzungu mwema. Rabai inakuonyesha kitu tofauti kabisa. Watu 1,400 hivi walikuwa wamejikomboa kabla ya karatasi. Kampuni ililipia jambo ambalo lilikuwa limeshafanyika.

Kwa nini hatuambiwi hivi? Bajeti ya basi ni sababu moja. Nyingine ni aibu, na hapa naongea kama mtoto wa pwani. Huku kwetu, kumwambia mtu ana asili ya utumwa ni tusi la kupigania. Kuna familia zilizobadilisha majina, zikaingia koo nyingine, zikazika hiyo habari na wazee. Nina rafiki mwenye jina la ukoo la Kiingereza, la kurithi, sio la ubatizo wake. Shuleni walimwita Mzungu. Bibi yake akiulizwa walitoka wapi alikuwa anasema "Sisi watu wa misheni," basi, mlango umefungwa. Rafiki yangu alikuwa na miaka 22 alipojua kwamba "misheni" hapo ina maana Frere Town, na kwamba huenda damu yake inatoka upande wa Ziwa Nyasa. Hakulia wala nini. Alichosema ni, "Kumbe nilikuwa napita kwetu kila siku na matatu."

Na hao watu wa misheni hawakukaa tu wakihuzunika. Walikuwa kati ya walimu, makarani na wahubiri wa kwanza wa nchi hii. Wengi wetu bara tulifundishwa kusoma na mtu aliyefundishwa na mtu aliyetoka huko. Chuo cha uchungaji kilichoanza Frere Town mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni St Paul's University. Kama unasoma pale, mizizi yako iko Kengeleni, stage ya matatu.

Shimoni nitaipitia haraka, kwa sababu ni mbali, kusini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, na wengi wanaenda kuona pomboo wa Kisite na kula kaa Wasini. Njiani wanaruka mapango. Watu wanabishana kuhusu nini hasa kilifanyika mle ndani na kwa kiasi gani. Mimi ninachokipenda ni kwamba mapango yanaendeshwa na wanakijiji wenyewe, wao ndio wanaokata tiketi na wao ndio wanaokutembeza. Stori ni yao na mlango ni wao. Ningependa kuona vijana wa Kisauni wakifanya hivyo Kengeleni: mtu mmoja tu mwenye kiti na mwavuli, anayeijua stori, anayelipwa kuieleza. Haihitaji ufadhili wa UNESCO. Inahitaji kivuli.

Sasa kama unataka kufanya hii safari, inawezekana kwa siku moja na bila basi la kukodi. Anza Kengeleni asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla foleni haijajaa. Dakika kumi zinatosha kwa kengele. Uliza kanisa la zamani la Frere Town, Emmanuel, haliko mbali, na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu, hasa kukiwa na ibada. Rudi mjini, panda gari la Mazeras, ukifika hapo unaunganisha la kwenda Kaloleni na kushukia Rabai. Nauli sitataja, leo ni hii kesho mvua ikinyesha ni ile.

Rabai kuna jumba la makumbusho kwenye kanisa la zamani, kuna kanisa la Mtakatifu Paulo, na kuna misitu ya kaya, ambayo ni sehemu ya urithi wa Mijikenda uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Kaya sio mahali pa kujipenyeza tu na kamera. Mnaenda na mzee wa kaya, mnavua viatu akisema vueni, na akisema picha hapana basi ni hapana. Beba maji, na pesa kidogo taslimu, kwa sababu mtandao wa kule una siku zake.

Mkiwa kwenye makumbusho, anayewatembeza atawaeleza habari za Krapf, na anazijua vizuri. Msikilizeni hadi amalize. Halafu mmoja wenu aulize habari za William Jones na watoro, na wengine mnyamaze. Mimi nilipouliza, mzee aliyekuwa anatutembeza alifunga kile kitabu cha wageni, akavuta kiti, akasema, "Hapo sasa tuanze." Tulikosa gari la saa kumi.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu husema "sisi watu wa misheni," ama una jina la ukoo ambalo hakuna mtu hukueleza lilikotoka, niandikie. Nakusanya hizi stori polepole, na jina la mtu silitoi bila ruhusa yake.